Kujumlisha kwa Kuruka: Hotuba juu ya Mstari wa Namba kwa Watoto Wadogo



Halmashauri ilipotutaka tuseme jioni hii juu ya hesabu za watoto, baadhi ya wenzetu walicheka, wakauliza, je, makarani waliozeekea katika madaftari ya mapato na matumizi wafundishwe tena tatu na nne? Tulicheka nao. Lakini tunalo deni, nasi twapenda kulieleza mbele yenu bila kuficha.

Nyumbani mwetu mna mtoto wa miaka sita. Tulimchorea mstari juu ya karatasi, tukaandika namba 1 mpaka 10, tukamwambia, "Jumlisha tatu na nne." Akaweka kidole juu ya 3, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, kidole kikasimama juu ya 6. Tukamwambia amekosa, arudie. Akarudia, akapata 6. Siku tatu tulimkemea, hata siku ya nne akakataa kuja mezani, akasema yeye hana akili ya hesabu. Neno hilo hakulipata kwingine ila kinywani mwetu.

Usiku ule tulikaa na karatasi ile ile mpaka tukaona kosa li wapi. Mtoto alihesabu sawasawa. Sisi ndio tuliosahau kumwambia ahesabu nini. Aliweka kidole juu ya 3 akakiita kituo kile "moja". Alihesabu vituo, hali kujumlisha kwa mstari ni kuhesabu hatua zilizo baina ya kituo na kituo. Aliyesimama juu ya 3 hajaenda bado. "Moja" husemwa afikapo 4, "mbili" afikapo 5, "tatu" afikapo 6, na "nne" afikapo 7.

Wale wanaoshika madaftari ya likizo watalitambua jambo hili mara moja. Mtumishi akianza likizo tarehe 3, na siku yake ya mwisho ikawa tarehe 7, amepata siku 5, maana tarehe 3 yenyewe ni siku ya kupumzika. Lakini kutoka 3 kwenda 7 hatua ni 4. Ni wangapi kati yetu waliogombana na mwenzao kwa sababu ya siku moja hiyo? Ikiwa watu wazima wenye kalamu mkononi hutatizwa, twapata wapi haki ya kumwita mtoto mjinga?

Nayo lugha yetu, mabwana, ilikuwa imekwisha kutusaidia, ila hatukuisikiliza. Twasema leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Leo haihesabiwi, ndipo tunaposimama. Kesho ni hatua ya kwanza, mtondogoo ni ya nne. Tulimwita yule mtoto tukamwuliza: "Ikiwa leo ni tarehe 3, na bibi atakuja mtondogoo, atakuja tarehe ngapi?" Akakunja vidole vyake kimya kimya, akasema, "Tarehe saba." Ni hesabu ile ile iliyomliza siku tatu. (Kweli, watoto wengi wa mjini siku hizi huishia keshokutwa, nao hawana budi kufundishwa mtondo kwanza, wala si hasara.)

Basi tueleze jinsi tunavyofanya sasa. Mstari tunauchora chini, uani, kwa majivu au kwa chokaa, nao huanza na 0, wala si 1. Hatua zote ziwe sawa, kadiri ya mguu wa mtoto uwezavyo kuruka. Mtoto husimama penye namba ya kwanza, akatulia, asiseme neno. Kisha huruka. Hapa pana ugumu ambao watu wazima hawauoni: mtoto hutakiwa kuhesabu namba mbili pamoja, yaani mahali alipofika na hatua alizokwisha kwenda. Kwa hiyo twatumia watoto wawili. Mmoja huruka akiitaja kila namba anayoikanyaga, "nne, tano, sita, saba", mwenziwe hupiga kofi kwa kila mruko, na makofi yakitimia manne hupaza sauti, "Simama!" Wakiisha kuzoea, mstari huhamia karatasini, na kidole huruka badala ya mguu.

Kutaja namba unayoikanyaga si jambo la mchezo tu. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walieleza habari za watoto wadogo wa jamaa maskini waliocheza mchezo wa ubao wenye vyumba vilivyopangwa kwa mstari, 1 mpaka 10, kwa muda wa saa moja hivi katika majuma mawili. Watoto wale walizidi kuzifahamu namba. Waliocheza kwenye ubao wa rangi usio na namba hawakupata faida ile. Baadaye, mwaka 2009, ilionekana kwamba ubao wa duara haufai kama ule ulionyoka. Ubao wa namna hiyo kila mzazi aweza kuuchora nyuma ya kalenda kuukuu.

Mwenye rula mbili naye asikose kuwaonyesha watoto: weka 0 ya rula ya pili juu ya 3 ya rula ya kwanza, kisha tazama chini ya 4, utakuta 7. Hatusemi mtu achukue rula za ofisi.

Hesabu zikivuka kumi, Kiswahili hutuchukulia tena sehemu ya mzigo. Kwa 8 na 5, mtoto huruka 2 apumzike juu ya 10, zikabaki 3, na jibu lenyewe lamwambia jambo hilo: kumi na tatu. Penye ishirini na thelathini msaada huo hukatika, kwa kuwa majina yale yametoka katika Kiarabu, nayo hayana budi kukaririwa. Waalimu wa Uholanzi nao wameuendeleza mstari mtupu, usioandikwa namba, na mtoto huandika zile tu anazozihitaji: kwa 28 na 15, huruka 10 mpaka 38, kisha 2 mpaka 40, kisha 3 mpaka 43. Tumeujaribu kwa mtoto wetu mkubwa, akaupenda kuliko kupanga namba juu na chini.

Kutoa ni kurudi nyuma. John Wallis, mwalimu wa Oxford, aliandika mwaka 1685 juu ya mtu aendaye mbele yadi 5 kisha akarudi 8, ili kuonyesha kwamba namba zaweza kupita hata nyuma ya 0. Hayo tuwaachie wakubwa.

Bwana Mwenyekiti, mtoto yule sasa huja mezani kwa hiari yake, ingawa bado hututazama usoni kabla ya kusema jibu. Kwa idhini yako, tumechora mstari kwa chokaa pale penye mlango, 0 mpaka 20. Watoto waliokuja na wazazi wao watauruka mara tutakapoketi, na mwanachama yeyote atakaye kupiga makofi na aende akasimame karibu nao.