Njaa ya Kujitakia: Ulaji wa Vijana na Uzito wa Ukubwani

Binti wa miaka 15 akianza kuacha chai ya asubuhi na kudonoadonoa wali wa mchana, aghalabu nyumbani hakuna anayeshtuka. Yuko hata atakayemsifu kwamba anajua kuutunza mwili wake. Ninachotaka kukitetea hapa ni kinyume cha sifa hiyo. Kijana anayejinyima chakula ili apungue ana uwezekano mkubwa wa kufika miaka ishirini na ushei akiwa mzito kuliko mwenzake aliyelingana naye uzito shuleni lakini akala bila kuhesabu matonge. Chipsi na soda zina lawama zao, na sizitetei. Ila tumezilaumu hadi tukasahau kuitazama njaa inayomsukuma kijana kuzikimbilia.

Ushahidi mzito unatoka jimbo la Minnesota, Marekani. Katika mwaka wa masomo wa 1998–1999 mtafiti Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwahoji na kuwapima wanafunzi zaidi ya 4,700 wa shule za eneo la Minneapolis na Saint Paul, kisha wakawafuatilia kwa miaka mingi. Waliokuwa wakiruka milo, wakijishindisha njaa, wakijitapisha au kumeza vidonge vya kupunguza mwili walionekana, miaka mitano baadaye, kuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kuwa na uzito uliozidi, wakilinganishwa na wasiotumia njia yoyote ya kujipunguza. Baada ya miaka kumi pengo lilikuwa bado lipo. Namna ya kufika huko haina miujiza: waliojinyima ndio walioelekea zaidi kushikwa na ulaji wa pupa. Mwili wa balehe unarefusha mifupa na kujenga misuli. Ukinyimwa hauombi, unadai. Kengele ya mapumziko ya saa nne inapolia, mafuta ya mwenye kibanda nje ya geti yameshachemka, na aliyetoka nyumbani tumbo tupu haendi pale kuchagua: andazi la kwanza analila amesimama, la pili akiwa bado anasubiri chenji.

Atasema mtu kwamba nimeweka mkokoteni mbele ya punda: wanaojinyima ni wale walioanza kunenepa, au waliorithi unene kwa wazazi. Watafiti wa Minnesota waliuzingatia uzito wa mwanzo katika hesabu zao, lakini swali la urithi lilihitaji watu wa aina nyingine, na Finland ilikuwa nao. Uchunguzi wa vijana pacha zaidi ya 4,000, uliochapishwa 2012, ulionyesha kuwa katika pacha wanaofanana, waliolingana uzito wakiwa na miaka 16, yule aliyewahi kujipunguza kwa makusudi alimzidi nduguye kidogo alipofika 25. Tofauti yenyewe ni kama kilo moja, na urithi ulibaki na sehemu yake kubwa. Lakini kilo hiyo imekwenda upande usiotarajiwa. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Uchambuzi wa majaribio 13, uliotolewa na jarida la BMJ mwaka 2019, haukuona kwamba kula kifungua kinywa kunawapunguza watu wazima. Waliokula waliongeza kalori za siku. Nalikubali, na sitoi chai ya asubuhi kama dawa. Ninachokisema kinamhusu kijana anayekua, anayeacha mlo kwa sababu anauchukia mwili wake. Wala hakimhusu mtoto aliyetoka bila chai kwa kuwa nyumbani hakukuwa na sukari. Huyo tatizo lake ni jingine, na kumwambia asijinyime ni dhihaka.

Kikundi kilekile cha Minnesota kiliona pia kwamba vijana waliokula na familia, hata mara moja au mbili kwa wiki, walikuwa na uwezekano mdogo wa unene miaka kumi baadaye. Ningependa kuishia hapo na kulisifu sinia, ila hapohapo mkekani ndipo shangazi anaposema, “Mwanangu, umenenepa.” Zamani ilikuwa pongezi; leo kijana huisikia kama lawama. Utafiti wa 2013 wa kikundi hichohicho ulikuta kuwa wazazi waliozungumzia uzito walikuwa na watoto wanaojinyima zaidi, na waliozungumzia chakula bora tu, bila kuutaja mwili, walikuwa na wachache.