Chembe Sahani Zinapopungua, na Damu Ikaganda

Mtu akiambiwa kuwa chembe sahani za damu yake zimepungua, jambo la kwanza analoliogopa ni kutokwa na damu isiyokatika. Hofu hiyo ina msingi. Chembe hizo ndizo huziba mshipa uliokatika, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Hata hivyo, yako maradhi ambayo chembe hizo hupungua kwa sababu damu inaganda ndani ya mishipa, pasipo jeraha lolote.

Mfano ulio wazi ni wa heparini. Dawa hii, iliyogunduliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1916, hutolewa hospitalini ili kuzuia damu isigande, hasa baada ya upasuaji. Kwa wagonjwa wachache, huleta kinyume cha lile lililokusudiwa. Heparini hushikamana na protini inayotoka katika chembe sahani zenyewe. Mwili huuona mchanganyiko huo kuwa adui na kuutengenezea kingamwili. Kingamwili hizo huzichochea chembe sahani, nazo hukusanyika na kufanya mabonge. Chembe iliyonaswa katika bonge haimo tena katika mkondo wa damu. Ndiyo maana hesabu hushuka wakati mabonge yanaongezeka.

Aghalabu hali hiyo hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dawa ianze, na hesabu hushuka kwa nusu au zaidi. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi zikibana ghafla, hakuna muda wa kungoja: mgonjwa aweza kupoteza mguu, au uhai.

Hapa daktari hutakiwa kusimamisha heparini yote, hata ile kidogo ya kusafishia mipira ya dripu, na kuanza dawa ya aina nyingine ya kuzuia kuganda. Kumwongezea mgonjwa chembe sahani, ikiwa havuji damu, kwaweza kuwa sawa na kutia kuni motoni.

Mwaka 2021 maradhi yanayofanana na hayo yalionekana kwa watu wachache sana waliochanjwa dhidi ya korona kwa chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson. Watafiti wa Greifswald, Ujerumani, walikuwa miongoni mwa waliobaini kuwa kingamwili ziliilenga protini ileile, ingawa wagonjwa hawakuwa wamepewa heparini. Mwaka 2024 AstraZeneca ilitangaza kuiondoa chanjo yake sokoni duniani kote.

Kwa aliyewahi kupatwa na madhara ya heparini, tahadhari haina budi kudumu. Faili lililobaki hospitali ya Muscat halimfuati mgonjwa hadi London wala Mombasa. Maandishi mafupi yanayoitaja dawa hiyo, yakiwekwa pamoja na pasipoti, yatamwambia daktari mgeni lile ambalo mgonjwa aliyezimia hawezi kulisema.