Wamemtaja?

Ndugu msikilizaji, juma hili tumepita tena tarehe 21 Mei. Kwa watu wa Mwanza na Kagera tarehe hiyo haihitaji maelezo. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Mwanza. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikaa karibu na redio mchana kutwa, akingoja habari za mdogo wake. Redio ilieleza habari za meli na za waokoaji. Ilieleza kuwa Rais Benjamin Mkapa ametangaza siku 3 za maombolezo. Kisha ikataja idadi ya maiti zilizoopolewa. Kila idadi ilipotajwa, mama yule alitugeukia sisi watoto na kuuliza, "Wamemtaja?" Nasi tukajibu, "Bado, mama."

Hakutajwa siku ile, wala siku zilizofuata. Mdogo wake alikuwa amesafiri daraja la tatu. Baadaye ilifahamika kwamba orodha ya abiria ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, nayo meli ilikuwa ya kubeba abiria 430 tu. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Walikata tiketi, wakapanda, wakafa, na hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba walikuwamo.

Wasikilizaji wenye umri wangu na zaidi mtakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba nzima ilinyamaza. Fulani bin Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana. Halafu yanafuata majina ya jamaa: habari ziwafikie kaka zake walioko Tanga, binti yake aliyeko Songea, na ndugu wote popote walipo. Marehemu angeweza kuwa mkulima asiyejulikana hata wilaya ya pili, lakini kwa dakika ile nchi nzima ilisikia jina lake na kujua kwamba ana watu wanaomlilia.

Basi huwa najiuliza: kwa nini mtu akifa peke yake tunamtaja, lakini akifa pamoja na wenzake 200 tunamhesabu tu?

Sisemi haya kuwalaumu wengine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Kivuko hicho kilikuwa cha kubeba watu 101. Siku zile nilikuwa zamu ya kusoma habari. Jioni ya kwanza nilisoma maiti arobaini na kitu. Kesho yake wakapita 100. Siku ya nne tulikuwa tumevuka 200. Nakiri mbele yenu kwamba katika chumba cha habari tulikuwa tukiulizana, "Imefika ngapi?" kama watu wanaouliza matokeo ya mpira. Idadi ilipopanda, habari ile ilikaa juu. Iliposimama, ikaanza kushuka, na baada ya majuma machache haikuwamo kabisa.

Katika siku hizo fundi mmoja wa kivuko aliokolewa akiwa hai, baada ya kukaa karibu siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka. Tulishangilia, na ilistahili. Jina lake tulilitangaza mara nyingi. Aliyepona tulimjua kwa jina, na waliokufa tukawajua kwa jumla.

Usiku mmoja, baada ya taarifa ya habari, mzee mmoja alipiga simu studio. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema:

"Wewe ndiye uliyesoma habari sasa hivi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mimi nina watu wangu wawili walikwenda gulioni Bugolora. Wamo katika hesabu yako?"

Nikamjibu kuwa sijui. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hesabu usiyojua waliomo ndani yake unamsomea nani?" Akakata simu.

Sikuwa na jibu, na sidhani kama kuna mkubwa yeyote aliyekuwa nalo usiku ule. Ilielezwa kwamba mkata tiketi naye alikufa, na mashine yake ikapotea majini. Kwa hiyo hata waliopanda wakiwa na tiketi hawakujulikana walikuwa wangapi.

Msidhani haya ni ya Ziwa Victoria peke yake. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Idadi iliyotangazwa kwanza ilikuwa maiti 203. Mwaka uliofuata tume ya uchunguzi ikaeleza kwamba waliopotea maisha ni 1,573. Fikiri, ndugu msikilizaji. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili kuna watu zaidi ya 1,300. Kwao walijulikana tangu asubuhi ya kwanza kwamba hawakurudi. Ni sisi wengine tuliochukua miezi kujua kwamba waliwahi kuwamo.

Yanapotokea haya husemwa kwamba ajali haina kinga, na kwamba ni kazi ya Mungu. Mimi ni mtu wa imani na siwezi kubishana na Mungu. Lakini Mungu hakutukataza kuwa na daftari na kalamu. Karani anayeandika jina la kila anayepanda, akifika jina la 101, atajua kwamba chombo kimejaa. Asiyeandika atasikia uzito wakati chombo kimeanza kulala upande. Orodha ya majina si ya kurahisisha mazishi. Ni ya kumwambia nahodha, mapema, kwamba imetosha.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwetu wanahabari. Tusingoje maiti ndipo twende gatini. Twende siku ya kawaida, jua linawaka na watu wanacheka, tuulize: leo mmepakia wangapi, na orodha iko wapi? Habari hiyo haitakaa juu katika taarifa ya saa 2 usiku, lakini huenda ikatupunguzia ile inayokaa juu. Na msiba ukishatokea, tuwatafute waliokufa kwa majina, baada ya jamaa zao kupashwa habari kwa heshima, maana haifai mama asikie kifo cha mwanawe redioni kabla ya kuambiwa na mtu wa kumshika mkono.

La pili ni kwenu mnaosafiri. Ukikata tiketi, dai jina lako liandikwe, na la mtoto uliyempakata vilevile. Ukikuta chombo kimejaa, usimbembeleze karani akupe nafasi ya kusimama. Kesho kuna safari nyingine.

Yule mama wa Mwanza yu hai, sasa ni mzee. Mwezi Mei huenda makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa MV Bukoba. Hajui kama mdogo wake yumo pale au alibaki ziwani, hivyo huomba dua yake kwa wote. Mwaka jana nilimpeleka. Tukiwa njiani kurudi nikagundua kwamba miaka yote hiyo sijawahi kumwuliza mdogo wake aliitwa nani. Nikamwuliza. Akanitajia majina yote matatu, taratibu, kisha akayarudia, kana kwamba alihofia sijasikia vizuri.

Nilisikia, mama. Kwaherini hadi juma lijalo.