MGENI ALIYE HATARINI NI JUU YA NANI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Mwenge, Dar es Salaam



Sisi wenye maduka hapa Mwenge twaijua sauti ya "Mwizi!" Ikipigwa, watu hukusanyika kwa kasi, na mtu asiyejulikana jina wala kosa lake hupigwa, pengine mpaka kufa. Wengi hushusha milango wakasema: hayatuhusu, tukiingia kati tutapigwa sisi.

Tuliosoma chuoni twajua maana ya fardhi kifaya. Ni wajibu ulio juu ya wote. Wakiutimiza baadhi, waliobaki wamepumzika. Asipoutimiza yeyote, dhambi ni ya wote. Maiti huoshwa na kuzikwa kwa fardhi hiyo. Ikiwa maiti ana haki hiyo kwetu, je, aliye hai? Wanavyuoni wametufundisha kuwa kumwokoa anayezama kumo humo. Na akiwapo mmoja tu awezaye, huwa fardhi yake peke yake. Lakini asiyejua kuogelea hakukalifishwa kujitosa: yeye na apige kelele, na atupe kamba. Basi hatari haiuondoi wajibu. Huubadilisha namna ya kuutimiza.

Tazameni yaliyotokea Mandera, nchini Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014 watu wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu, wakaua watu 28. Tarehe 21 Disemba 2015 basi jingine, lenye abiria zaidi ya 60, lilishambuliwa karibu na El Wak. Waislamu waliamriwa wajitenge, wakakataa. Wanawake waliwavika wenzao Wakristo hijabu, na abiria wakawaambia wauaji: ama watuue sote, ama watuache sote. Wauaji wakaondoka.

Hatusemi kuwa halikuwa na gharama. Watu wawili waliuawa siku ile, na mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Lakini lau angalisimama mmoja tu, angaliuawa yeye na wale aliotaka kuwakinga. Hatari iliyogawanywa kwa watu sitini si ile iliyo juu ya kichwa kimoja.

Basi na tuagane leo. Sauti ile ikipigwa, asitoke mtu pekee. Tutoke kumi, tumzunguke yule mtu, na mmoja awaite polisi. Asiyeweza kusimama na apige simu. Akiwa mwizi kweli, hakimu yupo. Wala tusiulize kwanza kama ni wa Unguja, wa Pemba au wa Bara.

Nasi, ndugu, tumevuka bahari kutafuta riziki. Ni wageni mbele ya macho ya watu. Siku sauti hiyo itakapopigwa juu ya kijana wetu aliyeshuka bandarini jana, hatakuwa na wa kumtegemea, baada ya Mungu, ila mtu asiyemjua.

Wabillahi taufiq.