Fungu la Kisima na Kiti cha Mwenyekiti
(Maneno ya Kamati ya Kina Mama siku ya harambee)



Tumepewa dakika chache na chakula kinanukia, kwa hiyo tunasema jambo moja.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wengi tulitegemea wanawake wataingia kwenye uongozi kwa kura kama wengine. Kilichowaingiza hasa ni viti maalum. Sheria inataka madiwani wa viti maalum wasipungue theluthi moja ya wale wa kuchaguliwa, na kwenye halmashauri ya kijiji wanawake wasipungue robo. Hatuvidharau viti hivyo. Lakini diwani wa viti maalum hana kata yake. Jina lake linatoka kwenye chama, na miaka 5 ikiisha anarudi kuliomba huko huko.

Uenyekiti wa kijiji hauna kiti maalum. Mwenyekiti anapigiwa kura na wakazi, na ndiye anayeongoza mkutano mkuu wa kijiji, ule unaosomewa mapato na matumizi. Chaguzi za 2014, 2019 na 2024 zimepita, na wanawake waliokalia kiti hicho nchini ni wachache mno. Mama akichukua fomu, swali la kwanza ni kama mumewe karidhia. Mara nyingine anayeuliza ni ndugu aliyepiga simu kutoka mjini!

Sisi tulioko Dar hatupigi kura kule, maana sheria inataka mkazi. Tulicho nacho ni mchango. Kwa hiyo tumekubaliana: fungu la kisima halitoki mpaka nusu ya kamati ya maji iwe wanawake, na mmoja wao awe mtia saini wa akaunti. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kufuata maji ndiye atakayesimama kusoma hesabu, kila miezi mitatu. Ukifika uchaguzi wa 2029, kijiji kitakuwa kimeshamsikia vya kutosha.

Wapo wazee waliosema tunaweka masharti kwenye sadaka. Ndiyo, tunaweka.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Anayetaka mchango wake uende kwenye kisima, aandike "maji" pembeni ya kiasi.