Simu ya Kikundi: Ipi Itatufaa?

Kabla ya kutoa pesa ya kikundi tuulizane: hii simu itafanya kazi gani?

Kama ni kuweka na kutuma pesa tu, kabambe inatosha. M-Pesa tangu ianze mwaka 2007 haihitaji intaneti, na kabambe inakaa na chaji siku kadhaa. Simu janja, hizi za kupangusa kioo, chaji huisha upesi, na chaji tunailipia. Lakini kama katibu anataka kupiga picha ya mbuzi mgonjwa amtumie daktari wa mifugo, hapo kabambe haiwezi. Nunueni hiyo janja.

Za mkopo muwe macho. Mkikosa kulipa, inafungwa. Dukani bonyezeni *#06#. Namba itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi. Mwaka 2012 serikali ilizima simu bandia, na pesa ya wenyewe ikaenda.

Tena laini, jamani, itaandikishwa kwa jina la nani? Ikiwa ya mtu mmoja, akihamia Lodwar pesa imehama naye. Hilo muliamue kikaoni, liandikwe, kabla simu haijafika.