Kwa nini bati la alumini hupasuka, na sumaku inasaidiaje?

(Maneno ya mkufunzi wa ufundi wa vyuma kwa wanagenzi na mafundi wa jua kali, katika chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti)



Vijana kadhaa wameona kwenye simu bati la alumini likiruka lenyewe na kushika umbo bila kugongwa na nyundo. Wameniuliza kama ni kiinimacho. Hapana, ni umeme.

Tuanze na tunachokijua. Kutengeneza sufuria kwa mashine, unakata duara la bati, unaliweka juu ya kalibu yenye shimo, unalibana ukingoni, kisha panchi inalisukuma ndani. Ukilibana mno, linapasuka karibu na kitako. Ukililegeza, ukingo unafanya mikunjo kama sketi. Kwa mvuto mmoja, kipenyo cha duara hakipaswi kupita sana mara 2 ya kile cha panchi. Kinachotesa zaidi ni kona. Ikiwa kali, bati linanyooka mahali pamoja, linakuwa jembamba, linakatika, na pesa yako imekwenda. Alumini hukatika upesi kuliko chuma laini, na ukiondoa panchi hurudi nyuma zaidi.

Mbona basi watengenezaji wa magari wanaing'ang'ania? Uzito. Kipande cha alumini kina karibu thuluthi moja ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule, na gari jepesi hunywa mafuta kidogo.

Katika miaka ya 1990, Glenn Daehn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walijaribu kuunganisha njia mbili. Panchi ya kawaida inavuta bati hadi umbo la jumla, kona zikiachwa na mviringo mpana. Ndani ya panchi hiyo, penye kona, kumefichwa koili. Panchi ikifika chini, kapasita zilizojazwa umeme zinaachiliwa kwa mpigo mmoja kupitia koili. Sumaku inayozuka inaamsha mkondo mwingine ndani ya bati lenyewe, na pande hizo mbili zinasukumana. Bati linaruka kwa kasi inayoweza kupita mita 100 kwa sekunde na kujaza kona ya kalibu. Kwa kasi hiyo alumini mara nyingi huvumilia kunyooshwa zaidi kuliko inapokandamizwa polepole. Chuma hakisukumwi kwa urahisi hivyo, kwa kuwa hakipitishi umeme vizuri kama alumini.

Kasoro ni kwamba nguvu inayosukuma bati inaisukuma koili pia, nayo huchakaa na kuvunjika. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu kubwa ya viwanda vingi kutokimbilia njia hii.

Sasa, kwa wale walioniuliza kama wanaweza kuunda mtambo huo kibandani kwa kapasita za maikrowevu mbovu: msithubutu. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na hiyo moja tu inaweza kumuua mtu. Mitambo ya kazi hii hutumia maelfu ya volti.

Yapo mnayoweza kufanya leo bila koili yoyote. Zungusheni kona za kalibu, msiziache kali. Pakeni mafuta. Na bati likishakuwa gumu kwa kugongwa, lilainisheni kwa moto kabla ya kuendelea. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho litakudanganya. Sugua sabuni ya kipande upande mmoja, pasha moto upande wa pili taratibu, na sabuni ikigeuka nyeusi uondoe moto mara moja. Ukizidisha, utabaki na tundu.

Kuna vipande vya majaribio hapa mezani. Anayetaka kujaribu asogee, na miwani ya kinga ni lazima.